Kutoka Mnadani Hadi Kwenye Mifuko ya Uwekezaji
(Maneno ya wanachama wa Dar es Salaam kwenye harambee ya mwaka)

Ndugu zetu wote wa Gorong'a,

Tumesimama hapa watatu. Mmoja alikuwa mwalimu wa sekondari, mmoja nesi, wa tatu alikuwa akiuza ng'ombe minadani. Leo sote tunasimamia fedha za watu, na kila tukija nyumbani tunaulizwa uhasibu tulisomea wapi. Hatukuusomea. Tulianza kwa kujaza fomu za wateja, kwa malipo ambayo mwalimu yule aliona aibu kumwambia mkewe, huku usiku tukisoma kozi ya masoko ya mitaji iliyo chini ya CMSA. Mmoja wetu alifeli mtihani mara ya kwanza. Hatumtaji.

Mwenzetu wa mnadani aliulizwa kwenye usaili: utafanyaje fedha za mteja zisipotee zote kwa mpigo? Akajibu kwamba kwetu mzee hafungi ng'ombe wote boma moja. Wengine huwaweka kwa rafiki, wengine kwa mkwe, ili ndigana ikiingia au wezi wakipita, asibaki mikono mitupu. Akaajiriwa.

Sasa lililotuleta. Michango ya bweni la wasichana ilikaa mikononi mwa mtu mmoja, ikakopeshwa, haikurudi yote. Kuta ziko kwenye linta, na wasichana bado wanatembea alfajiri.

Tunaomba fedha za leo zisikae hivyo. Za kupaua ziwekwe Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambako mkizihitaji mnazipata ndani ya siku chache za kazi. UTT si wageni. Mfuko wa Umoja walianza kuuuza mwaka 2005. Za matengenezo ya miaka ijayo zinunue hatifungani za serikali kupitia Benki Kuu, kuanzia shilingi milioni 1, riba inalipwa kila miezi 6. Faida yake si ya kutajirisha, na thamani ya vipande huweza kushuka pia. Atakayewaahidi kuzizidisha mara mbili kwa mwezi, mfukuzeni.

Waweka saini wawe watatu, mmoja wao mama, na taarifa ya akaunti isomwe kila mkutano. Sisi tusiwemo. Tunaifahamu kazi hii, ndiyo maana tunataka mtukague na sisi.

Tunaanza kwa ahadi yetu, shilingi milioni 3, taslimu. Katibu, tafadhali hesabu mbele ya watu.