Waliokwenda Msumbiji Tusiwasahau



Mwaka 1987 askari wa Jeshi la Wananchi walikuwa Zambezia, Msumbiji, wakiisaidia Serikali ya FRELIMO dhidi ya RENAMO. Walirudishwa mwaka 1988. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992.

Sisi vijana tulikuwa hatujazaliwa. Tunajua kusimulia vita vya kumng'oa mkoloni, maana vile vina bendera iliyoshushwa na nyingine iliyopandishwa. Vita hivi havikuwa na bendera ya kushusha. Adui na rafiki walikuwa Waafrika wa nchi moja. Ndiyo maana aliyerudi hupenda kunyamaza, akashika jembe lake, akalima mtama na alizeti kama sisi.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mashada huwekwa. Ni vema. Lakini shada halisikilizi mtu. Basi kila tawi liulize: nani hapa kwetu alikwenda? Nani hakurudi? Tuwasikilize wangali hai, tuwatembelee wajane, tuandike majina. Wazee hawatungoji.