NANI ALIKULA NINI JANA?
Mada kwa viongozi wa walei juu ya lishe na haki kandokando ya Ziwa Victoria





Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu alilifanya jana jioni, nalo ni kula. Huenda wengine wenu wanajiuliza Tume ya Haki na Amani inatafuta nini chunguni mwa watu. Mmezoea kusikia kwetu mada juu ya ardhi, rushwa, uchaguzi na mauaji ya vikongwe. Lakini chungu nacho ni mahali pa haki au pa dhuluma. Anayekipakua huamua nani ashibe, nani apewe mchuzi tu. Kwa hiyo tumeona tusiliache jambo hili kwa waganga na wauguzi peke yao.

Tutafuata njia tuliyoizoea: kuona, kuamua na kutenda.

1. TUONE HALI ILIVYO

Asimamaye alfajiri penye mwalo wa Kirumba, Igombe au Kayenze huiona mali inavyotoka majini. Ziwa letu, kwa nchi zote tatu zinazolizunguka, hutoa samaki karibu tani milioni moja kwa mwaka, na sehemu kubwa ya uzito huo ni dagaa. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Akawala furu hata aina zao nyingi zikatoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya kukata minofu vikaanza kazi hapa Mwanza, na minofu ikasafirishwa Ulaya na kwingineko. Kwetu kikabaki kichwa na mifupa, yaani mapanki. Tunakumbuka jinsi filamu moja ya mwaka 2004 juu ya ziwa letu ilivyozusha ubishi nchi nzima: mapanki ni chakula cha binadamu au cha mifugo? Ubishi ule ulikuwa mkali, lakini ulipopoa, wachache waliendelea kuuliza watoto wa mialo wanakula nini.

Sasa tutazame watoto. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto uliofanyika nchini mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa 42, na mwaka 2015/16 walikuwa 34. Tunashukuru kwa hatua hiyo, maana haikuja yenyewe. Hata hivyo, watatu katika kila kumi ni wengi mno kwa nchi yenye maziwa, mito na mashamba kama yetu.

2. KIPIMO HUSEMA TUSICHOKIONA

Mtoto aliyekonda humwona kila mtu. Mtoto aliyedumaa hatumwoni, kwa sababu wenzake wote wa mtaani ni wafupi kama yeye, nasi husema, "Ndivyo ulivyo ukoo wao." Huko ndiko tunakojidanganya. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilisimamia upimaji wa watoto waliotunzwa vizuri katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Ilionekana kwamba mtoto mdogo anyonyeshwaye vema, alishwaye vema na kukingwa na maradhi hukua karibu sawa na mwenzake, awe mweusi au mweupe, wa pwani au wa bara. Vipimo vinavyotumika duniani tangu mwaka 2006 vimetokana na kazi hiyo. Kwa hiyo ufupi wa watoto wengi kijijini hautokani na ukoo. Ni alama ya chakula duni na maradhi ya mara kwa mara, hasa tangu mimba hadi mwaka wa pili. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Na mwili wa mtoto vivyo hivyo, ukishapita muda huo ni vigumu kuurudisha.

Tujue basi vipimo vyenyewe, ili tusivitazame kama siri ya wataalamu. Uzito hupimwa kwa mizani. Urefu hupimwa kwa ubao maalumu, naye mtoto aliye chini ya miaka miwili hulazwa chali. Mzunguko wa mkono wa juu hupimwa kwa ukanda wenye rangi tatu. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye mkono wake haufiki sentimita 11.5 yumo hatarini, na hana budi kupelekwa kituo cha afya mara moja. Mahali pengi mtoto hupimwa uzito tu, urefu hausomwi, na hivyo kudumaa hupita bila kuandikwa.

Kipimo cha nne ni swali: mtoto huyu alikula nini tangu jana asubuhi hadi leo asubuhi? Vyakula huhesabiwa kwa makundi manane: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi, jamii ya kunde na karanga, maziwa ya wanyama, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyingine. Mtoto wa miezi sita hadi ishirini na mitatu anapaswa kupata walau makundi matano kwa siku.

Swali hili ni rahisi, lakini laweza kuulizwa vibaya. Ukimwuliza mama, "Jana mlikula nini?" atakujibu, "Ugali na samaki." Atakuwa amesema kweli, tena kwa heshima ya nyumba yake. Lakini ukiendelea kumwuliza, "Na huyu mdogo, aliwekewa nini mkononi?" waweza kuambiwa kwamba alipewa tonge lililochovywa kwenye mchuzi. Nyumba imekula samaki. Mtoto amekula ugali. Watafiti wa lishe wanalijua kosa hilo, nasi viongozi wa jumuiya tulijue. Mara ngapi tumepeleka debe la unga kwa familia maskini, tukarudi tumeridhika, bila kuuliza kitoweo kimetoka wapi na nani amekipata?

3. TUAMUE: DHULUMA IKO WAPI?

Ni rahisi kusema kwamba viwanda vimetula. Mwaka 1997 mtafiti Eirik Jansen aliandika kwamba uvuvi wa ziwa letu ni tajiri ilhali wavuvi wake ni maskini. Alionyesha jinsi biashara ya nje na misaada ilivyowaondoa wanawake katika kazi za kukausha na kuuza samaki, na kuwapandishia wenyeji bei ya kitoweo. Hoja hiyo ina uzito hadi leo. Hata dagaa, waliokuwa kimbilio la maskini, sasa hugombaniwa na wenye viwanda vya chakula cha kuku. Na dagaa ni hazina: huliwa mzima, pamoja na mifupa na kichwa, akampa mtoto chokaa ya mifupa, madini ya chuma na zinki, na vitamini ambazo mnofu peke yake hautoi kwa wingi.

Lakini mwaka 2008 Kim Geheb na wenzake, waliochunguza kwa nini watu wa kandokando ya ziwa wana utapiamlo huku samaki wakisafirishwa, walifikia neno linalotugusa karibu zaidi. Walisema kwamba fedha inayotokana na sangara yaweza kabisa kuumaliza utapiamlo wa eneo hili. Haiumalizi kwa kuwa wanaoishika ni wanaume, ilhali wanaowalisha watoto ni wanawake, mara nyingi bila msaada wa wanaume hao.

Ndugu zetu akina baba, hatusemi haya ili kuwaaibisha. Tunaijua kazi ya majini. Tunajua kwamba mvuvi wa kuajiriwa hapati anachopata mwenye mtumbwi, na kwamba huhama mwalo hadi mwalo akifuata samaki. Lakini tunajua pia fedha ya usiku mmoja yaweza kwisha kabla ya jua kuchwa, kilabuni na katika nyumba za wageni, huku nyumbani watoto wakila michembe mitupu. Na tunajua desturi ya kumtengea baba mnofu na watoto mchuzi. Na mahali pengine mama mjamzito kukatazwa mayai, wakati ule hasa anapoyahitaji.

Haya si mambo ya faragha tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwajibisha mzazi kumtunza mtoto, na chakula ndicho cha kwanza kutajwa. Nchi yetu tangu mwaka 1976 imejifunga kwa mkataba wa kimataifa unaotambua haki ya kila mtu kupata chakula cha kutosha. Wajibu basi ni wa baba, wa mwenye kiwanda na wa serikali. Hakuna hata mmoja aruhusiwaye kujificha nyuma ya mwenzake.

4. FUNDISHO LA IRINGA

Kati ya mwaka 1983 na 1988, vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa vilifanya jambo ambalo baadaye dunia nzima ilikuja kujifunza. Watoto walipimwa kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yakasomwa mbele ya serikali ya kijiji. Wanakijiji wenyewe waliuliza: Kwa nini? Tufanye nini kwa uwezo tulio nao? Kisha wakapima tena. Walianzisha malezi ya pamoja ya watoto wakati wa kilimo, wakapunguza mzigo wa kazi wa akina mama, na utapiamlo mkali ukapungua sana.

Hata hivyo tusijivune. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta mkoa huohuo, wenye mahindi tele, ukiongoza nchini kwa udumavu. Zaidi ya nusu ya watoto wake wamedumaa. Ghala likijaa halimlishi mtoto, na kazi ya jana haimlishi mtoto wa leo. Kupima na kuuliza hakuna budi kurudiwa kila mwaka, kwa kila kizazi.

5. TUTENDE

Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila jumuiya ijue watoto wake walio chini ya miaka miwili, na ihakikishe wanapimwa urefu pamoja na uzito katika kliniki au katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji.

Pili, katika kila nyumba mtoto awe na sahani yake, ili ionekane anachokula. Dagaa waliooshwa na kukaushwa vizuri wasagwe na kutiwa katika uji wake.

Tatu, baba na mama wakae pamoja kila fedha ya samaki inapoingia, na fungu la chakula litengwe kabla ya mengine yote.

Nne, tuhudhurie mikutano ya kijiji na ya mtaa, tukaulize. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Fedha ya watoto wetu ilitengwa? Ilitolewa? Ilifanya nini? Kuuliza hivyo si uchochezi. Ni wajibu wa raia.

Injili hutusimulia kwamba umati uliposhiba kwa mikate na samaki, mabaki yalikusanywa, yasipotee. Hapa kwetu samaki wapo. Kinachopotea ni watoto. Tukienda nyumbani jioni hii, kabla ya kunawa mikono, tumtazame mdogo kuliko wote, tuone amewekewa nini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Jana, nyumbani mwetu, nani alipakua, nani alikula kwanza, na mtoto mdogo alipata makundi mangapi ya chakula?
2. Ni desturi gani za mezani zinazomnyima mama au mtoto? Nani kati yetu anaweza kuanza kuziacha?
3. Fedha ya samaki hufika wapi kabla ya kufika nyumbani?
4. Nani tutamtuma kwenye mkutano ujao kuuliza juu ya fedha ya lishe, na ataturudishia jibu lini?