Ugumba si wa Mwanamke Peke Yake
(Hotuba kwa wakazi wa kata)



Nyumba ikikosa mtoto, lawama humwendea mke. Hali halisi ni kwamba katika takribani nusu ya ndoa hizo, mume naye ana sehemu yake, au tatizo ni lake peke yake.

Mwaka 1976 watafiti wa Italia, Tiepolo na Zuffardi, walibaini kuwa baadhi ya wanaume wasiotoa mbegu kabisa wamepungukiwa kipande cha kromosomu Y, ambayo mtoto wa kiume huirithi kwa baba. Mwaka 1995 jeni iitwayo DAZ ilitambuliwa katika eneo hilo. Leo watafiti hutumia kingamwili zinazonasa protini ya jeni waitafutayo; zikitiwa rangi, huonyesha ni katika hatua ipi mbegu zilikoma kukua ndani ya korodani.

Upungufu huo si laana, wala hautibiwi kwa dawa anazonyweshwa mke. Kipimo cha kwanza ni chepesi: mume hujizuia siku 2 hadi 7, hutoa manii, nayo huchunguzwa kwa darubini. Mganga Mfawidhi wa zahanati yenu atawaelekeza kituo kinachopima.

Waume wenzangu, tupimwe kabla ya kutamka talaka.