Bugali moja ya usiku na moto wa kifuani



Leo tunaongea juu ya tumbo. Msicheke. Wengi wetu tunajua ule moto unaopanda usiku toka tumboni mpaka kooni, na maji machungu mdomoni. Ni kiungulia. Sisi tunaita yote "gastriti", tunanunua kidonge kwa farmasi, basi.

Tuangalie siku yetu. Asubuhi tunatoka Kadutu ao Bagira kwa miguu bila kula, juu pesa imeishia kwa minervali. Saa sita, andazi moja na kahawa. Saa nne za usiku ndipo bugali inafika, na sombe na pilipili. Tunakula njaa ya siku nzima, kisha tunalala palepale. Na sisi tuliomaliza masomo bila kupata kazi, tunakula vilevile.

Juu ya tumbo kuna msuli unaofunga kama mlango. Tumbo likijaa na mtu akilala, asidi inapita mlango ule. Pombe na sigara vinaulegeza zaidi.

Vidonda vya tumbo ni kitu kingine. Watu wanasema ni mawazo tu. Hapana. Mwaka wa 1982, Barry Marshall na Robin Warren kule Australia walitambua mikrobe tumboni, Helicobacter pylori, na mwaka wa 2005 wakapewa Nobel. Sababu nyingine ni dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni, zile tunazomeza ovyo. Mikrobe ile inapimwa na inatibiwa.

Kwa pesa ileile, tunaweza kufanya nini? Bugali ya usiku tuigawe mara mbili, nusu iliwe mapema. Tumalize kula saa tatu nzima mbele ya kulala. Miguu ya kitanda upande wa kichwa tuipandishe kwa matofali. Wanaoishi pamoja wachange, wapike sufuria moja ya maharagi ya mchana. Na mtu akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akishindwa kumeza ao akikonda bila sababu, aende hospitali siku hiyohiyo, asiishie kwa farmasi.

Lakini hatukubali mzigo wote uwekwe kwa mwanafunzi. Huwezi kumwambia "kula mapema" mtu asiye na kitu cha kula mapema. Wazazi wetu waliosoma wakati wa Zaire walikuta restora ya chuo na burse. Sisi tumekuta minervali tu.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kila chuo kiwe na pahali pa chakula cha mchana kwa bei ya mwanafunzi. Na wale wamama wanaouza chakula karibu na milango ya vyuo wapewe paa na maji safi, wasifukuzwe: ndio wanaotulisha.

Kula mchana si anasa. Tuseme kwa sauti moja, darasa kwa darasa.