Dola 50,000 zisizo zako

Msikilizaji, vijana wengi siku hizi wanalipa ada kwa kampuni za mtandaoni, wanafanya mtihani wa kununua na kuuza sokoni, na wakifaulu wanakabidhiwa akaunti inayosomeka dola 50,000. Picha yake inatumwa kwa ndugu na marafiki. Baada ya siku chache akaunti imefungwa, na mwenyewe anaapa kwamba hasara aliyoruhusiwa hakuifikia hata nusu. Mara nyingi anasema kweli.

Akaunti ya namna hii huwa na kikomo cha hasara, tuseme dola 2,000. Siku ya kwanza mstari wa kufungiwa uko kwenye 48,000; salio likiugusa, kazi imekwisha. Lakini mstari wenyewe hautulii. Salio likipanda, nao unapanda, ukibaki dola 2,000 nyuma ya kilele cha salio. Salio likishuka, mstari haurudi. Na ziko kampuni ambazo hukipima kilele hicho kila sekunde, pamoja na faida ambayo treda, yaani huyo anayenunua na kuuza, bado hajaifunga.

Hapo ndipo watu wanapoumia. Soko la New York limefunguliwa, kwetu ni jioni. Treda ananunua mkataba wa fahirisi ya hisa za Nasdaq, na faida inayoonekana kwenye simu inafika dola 1,500. Hajaishika mkononi, ila mstari umeshapanda hadi 49,500. Bei inageuka, anafunga na faida ya dola 200, analala akijua siku imekwenda vizuri. Salio ni 50,200, na kilichobaki kati yake na mstari ni dola 700 tu. Kesho yake anapoteza hizo 700 na akaunti inafungwa. Tangu aanze, amepungukiwa dola 500.

Kampuni nyingine husogeza mstari mara moja kwa siku, soko likishafungwa, kwa kufuata salio la mwisho. Kwa utaratibu huo treda wetu angeamka mstari ukiwa 48,200, na nafasi yake ingekuwa dola 2,000 kamili. Mtu ni yule yule, biashara ni ile ile, na bado angekuwa kazini.

Ndiyo maana nasema zile 50,000 zisimdanganye mtu. Mtaji wake halisi ni dola 2,000, tena zinazoweza kupungua akiwa anapata faida. Mkataba mmoja mkubwa wa Nasdaq kwenye soko la Chicago hubeba dola 20 kwa kila pointi. Pointi 100 zikienda kinyume, 2,000 zote zimeondoka, na Nasdaq hutembea pointi 100 bila habari yoyote kubwa. Upo mkataba mdogo wa dola 2 kwa pointi, na anayeanza hana sababu ya kugusa mwingine.

Linaloniudhi ni hili: akaunti ikifungwa, kampuni nyingi humuuzia kijana nafasi ya kuanza upya. Kwa hiyo kuanguka kwake ni mapato kwao. Kampuni inayoingiza fedha kwa njia hiyo ina wajibu wa kuonyesha hesabu ya mstari huu kwa mfano wa tarakimu, pale pale kwenye kitufe cha kulipia. Kuifukia ndani ya kurasa za masharti si haki.

Na wakati wa kutoa fedha kuna shimo jingine. Kwa baadhi ya kampuni mstari husimama ukifika 50,000, salio likiwa limegusa 52,000. Treda anapumua, anaomba alipwe dola zake 2,000. Zikitoka, salio linabaki 50,000, pale pale kwenye mstari, na akaunti inakufa siku ya malipo yake ya kwanza. Kabla hujalipa ada, iulize kampuni kwa maandishi: baada ya kutoa fedha, mstari wangu utakuwa wapi? Wakikujibu bila tarakimu, usiwape shilingi yako.