Hedhi Inayozidi na Afya ya Mfanya Kazi
(Maneno yaliyosemwa kwa wanachama, Misikhu)



Leo twasema jambo ambalo wengi wetu hulificha. Hedhi ya kawaida haipiti siku 7. Ikizidi hapo, au ikitoka mabonge makubwa, au kitambaa kikilowa kila saa, huo ni ugonjwa. Si uchawi wala aibu.

Damu ikipotea hivyo kila mwezi, madini ya chuma huisha mwilini. Mama huchoka upesi, kichwa humzunguka, moyo humwenda mbio, pumzi humkatika akipanda kilima na mzigo. Msimamizi humwita mvivu, kumbe amepungukiwa na damu. Huku kwetu malaria na minyoo huzidisha taabu hiyo.

Sababu ni nyingi: uvimbe katika kizazi, mimba kuharibika, na nyingine. Kwa hiyo tusitegemee mizizi tu. Twende hospitali, hapa Misikhu, Webuye au Kitale, tupimwe. Dawa za kupunguza damu zipo, na vidonge vya chuma vipo. Tusivimeze kwa chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Maharagwe, omena na mboga husaidia. Nasi waume tutoe nauli mapema.

Tena tujue haki yetu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Akinyimwa, na aje chamani. Umoja ni nguvu.