Vyuma vya Mazoezi Nyumbani kwa Mfuko Mdogo

Wale mnaosikiliza kwa vikundi, mwambieni katibu ashike kalamu, maana leo ziko hesabu chache za kuandika. Na wewe utakayesoma maneno haya baadaye katika kijitabu, soma polepole, kisha ujaribu.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya vyombo vya kujengea nguvu za mwili nyumbani: vipi vinunuliwe, vipi vitengenezwe na fundi, na vipi viachwe dukani. Najua wengine mtasema, "Hayo ni mambo ya vijana wanaotunisha vifua." Sivyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa juma. Wazee waliotimiza miaka 65 wanashauriwa, siku 3 au zaidi kwa juma, wafanye mazoezi ya nguvu pamoja na ya kusimama imara ili wasianguke. Kijana hutaka nguvu apate kifua. Mzee huzitaka apate kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Haja hii ya pili ni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Kabla sijawafundisha, yanipasa nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliweka akiba kwa miezi 7, nikanunua mashine moja kubwa yenye kapi, waya na viti viwili. Nikaifunga sebuleni, watoto wakashangilia. Mwezi wa tatu waya ukakatika. Nilizunguka mji mzima nikitafuta waya wa namna ile, nisiupate. Mashine ikageuka kuwa mahali pa kuanikia nguo, na mwaka ule nililipa mahitaji ya shule ya binti yangu kwa fedha za kukopa.

Mwaka huohuo mama yangu mzazi aliugua, akalala kitandani majuma 6. Ugonjwa ulipomwacha, miguu ilikuwa imekwisha nguvu, hakuweza kuinuka. Tukampeleka hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilidhani ataandika orodha ya vitu vya kununua. La! Alitaka kiti cha mbao kisichotikisika, na vifuko viwili vya mchanga vya nusu kilo, vya kufunga miguuni. Mama ainuke kitini mara 5, apumzike, arudie. Juma lililofuata mara 6. Kisha mchanga ukaongezwa, kidogo kidogo. Baada ya miezi 4 mama alikwenda bombani mwenyewe na ndoo yake ndogo. Wakati huo mashine yangu ilikuwa sebuleni, imebeba khanga zake.

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo ndilo kiini cha somo la leo. Msuli haujui bei ya chuma. Unachojua ni uzito, na kama uzito ule unaongezwa. Daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alitumia kanuni hii kwa askari walioumia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliwapa uzito wa kuinua, akauongeza kadiri nguvu zilivyorudi, na mwaka 1945 akachapisha habari za kazi yake. Kanuni hiyo inafuatwa mpaka leo, hospitalini na viwanjani.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukisimama mbele ya chombo dukani, usitazame mng'aro wake. Jiulize maswali matatu. La kwanza: je, chombo hiki kitaniwezesha kuongeza uzito kidogo kidogo? La pili: kikiharibika, fundi wa mtaani kwangu ataweza kukitengeneza? La tatu: je, nitakitumia juma hadi juma?

Tuanze na swali la tatu, maana halihitaji fedha. Kwa majuma 8 ya kwanza usinunue kitu. Inuka na kuketi kitini. Sukuma ukuta kwa mikono, na ukipata nguvu, sukuma sakafu. Beba ndoo ya maji kila mkono ukazunguke uwanja. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, basi ndoo yenye lita 10 ni kilo 10 na uzito wa ndoo yenyewe. Siku 2 kwa juma zinatosha. Aliyeshindwa kutimiza siku hizo kwa kiti na ndoo hatazitimiza kwa mashine, na afadhali ajue hivyo fedha zikali mfukoni.

Ukifaulu mtihani huo, chombo cha kwanza kununua ni dambeli mbili za kufungua, yaani vyuma viwili vifupi vya kushika mkononi, vyenye visahani vya chuma vinavyotolewa na kuongezwa. Usinunue zile zilizoshikana. Sikiliza hesabu yake. Mwenye dambeli za kilo 5 zilizoshikana, akitaka kupanda, pengine atauziwa za kilo 10. Huko ni kupanda mara mbili kwa siku moja, bega litalalamika. Lakini ukiwa na visahani 8 vya kilo 1.25 na visahani 4 vya kilo 2.5, kila mkono utaweza kubeba visahani vya kilo 2.5, kisha 5, kisha 7.5, kisha 10. Fedha zikipatikana, ongeza visahani 4 vya kilo 5, nawe utapanda vivyo hivyo mpaka kilo 20 kwa kila mkono, bila kutupa hata kimoja cha zamani.

Angalia tundu la kisahani. Vyuma vingi vya nyumbani vina tundu la milimita 25 hivi, na vile vya mashindano vina milimita 50. Ukichanganya, havitaingiliana. Basi ukienda kununua, chukua kisahani chako kimoja mkononi, ukijaribishe palepale. Jaribu pia vibano vinavyozuia visahani visitoke: funga, inamisha chuma, kitikise. Kibano kinachoteleza dukani kitakuponda kidole cha mguu nyumbani.

Vyuma vilivyotumika ni ununuzi mzuri, maana kisahani cha chuma hakizeeki. Kutu ya juu huondolewa kwa msasa na rangi. Ila lililoandikwa juu yake lisikudanganye. Mpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu, anayo mizani.

Sasa wako wanaotengeneza vya saruji: makopo mawili ya rangi na bomba katikati. Si vibaya, bali vifanywe kwa akili. Zege lina uzito wa kilo 2.4 hivi kwa lita, kwa hiyo kopo la lita 4 litakaribia kilo 10. Kabla ya kumwaga zege, mwambie fundi achomelee kipande cha nondo kukingama ncha ya bomba itakayokuwa ndani ya kopo, ili zege lisizunguke wala kuchomoka. Limwagie maji siku 7, kisha pima kila upande. Upande mmoja ukizidi mwingine, mgongo wako ndio utakaolipa. Kumbuka pia kwamba zege haliongezwi kidogo kidogo. Litumie kwa kuinua kutoka chini, na kamwe usilipandishe juu ya kichwa.

Cha mwisho ni benchi. Mafundi wa vyuma wa Gerezani, Dar es Salaam, na wale wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, na wenzao katika miji mingine, wanaweza kukuundia la bomba nene na ubao. Liwe na miguu iliyopanuka, na urefu wa kuruhusu nyayo zako ziguse sakafu. Kabla ya kulipa, keti juu yake wewe na mtu mwingine mzito. Likilia, lirudishe kwa fundi.

Katika kufanya, inua mara 8 hadi 12, pumzika, rudia mara 2 au 3. Ukifikisha 12 kila mara bila kuyumba, ongeza kisahani kidogo kuliko vyote. Usizuie pumzi. Usilale chini ya chuma kirefu kifuani ukiwa peke yako. Kikikushinda kitakukaba shingo. Mwenye shinikizo la damu, ngiri, au ugonjwa wa moyo, na mama mjamzito, waulize daktari kwanza. Na watoto wasichezee vyuma.

Haya, kazi ya kikundi ni hii. Kwanza, kila mtu ahesabu ni mara ngapi anaweza kuinuka kitini bila kushika kitu, aandike. Pili, tembeleeni fundi mmoja wa kuchomelea, mwulizeni bei ya benchi, mlinganishe na ya dukani. Tatu, jadilini: ni mzee gani nyumbani kwenu ambaye kifuko cha mchanga kingemfaa?

Mashine yangu niliiuza kama chuma chakavu. Fedha zake zilitosha visahani 4 vidogo. Mama ndiye aliyevibeba kutoka sokoni, mkono huu viwili na mkono huu viwili, akakataa kusaidiwa.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.